Kampuni ya gesi inataka umwongezee muda na hata shimo haijachimba: mwongozo kamili kwa mwenye ardhi Marekani

Barua huja miezi michache kabla mkataba haujaisha. Kampuni iliyokodi haki za gesi chini ya shamba lako haijachimba kitu, na sasa inaomba iongezewe miaka. Ndani ya bahasha mna karatasi mbili tatu za kusaini, na mara nyingine hundi kabisa.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapoteleza, na wanateleza kwa namna ileile. Mmoja anasaini kwa sababu ya tarakimu iliyo kwenye hundi, kumbe mkataba ulishakufa na angeweza kuanza upya na kampuni yoyote. Mwingine anakataa kwa kishindo, kumbe mkataba wa awali ulishaipa kampuni haki ya kujiongezea muda bila kumwuliza. Wote wawili walijibu barua kabla ya kujua mkataba wao umesimama wapi. Karibu nusu ya mwongozo huu inahusu kulijua hilo tu, na mazungumzo ya bei yanakuja baadaye.

Nazungumzia Marekani, hasa Pennsylvania, Ohio, West Virginia na Texas, ambako mtu binafsi anaweza kumiliki mafuta na gesi iliyo chini ya ardhi yake. Mwenye shamba Mtwara au Turkana hali yake ni tofauti kabisa: Tanzania na Kenya rasilimali hizo ni mali ya umma, na serikali ndiyo inayokaa mezani na kampuni. Lakini ukiwa Dar, Nairobi au Muscat na umerithi haki za gesi Marekani, endelea kusoma. Yapo yanayokuhusu wewe peke yako katika hatua ya saba.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Mkataba wa awali pamoja na viambatisho vyake vyote. Ukiwa umepotea, nenda kwa msajili wa hati wa kaunti (Texas na West Virginia ni karani wa kaunti). Ila ujue kwamba kilichosajiliwa mara nyingi ni muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, usio na masharti ya fedha. Iandikie kampuni uombe nakala kamili.
- Hati ya kununulia au kurithi ardhi, na hati za waliokutangulia.
- Barua zote za kampuni, na bahasha zake. Usitupe bahasha. Muhuri wa posta unaweza kuwa ndio ushahidi kwamba malipo yalichelewa.
- Kumbukumbu za malipo uliyowahi kupokea: tarehe, kiasi, na jina la aliyelipa.
- Namba ya kiwanja na ramani yake, kutoka ofisi ya kodi ya kaunti.
- Wakili wa mafuta na gesi wa jimbo hilohilo. Wakili wa uhamiaji aliyekusaidia kupata makaratasi hafai hapa, hata akiwa hodari. Sheria za Ohio si za Pennsylvania, na mpaka kati yao unaweza kuwa dakika kumi kutoka shambani kwako.

## Hatua ya 1: Hakikisha gesi ni yako

Kwa sheria za Marekani, ardhi ya juu na madini ya chini ni mali mbili zinazoweza kuwa na wenyewe tofauti. Aliyeliuza shamba hilo mwaka 1920 huenda alijibakizia gesi yote, au nusu, na hati zote zilizofuata zikanakili maneno hayo bila mtu kuyatilia maanani. Katika maeneo yaliyochimbwa makaa ya mawe, kama kusini magharibi mwa Pennsylvania na sehemu kubwa ya West Virginia, ni jambo la kawaida.

Soma hati yako ukitafuta sentensi zinazosema muuzaji "anabakiza" au "anaondoa" kitu. Kisha rudi nyuma hati moja baada ya nyingine. Shamba la ekari 80 ambalo nusu ya gesi ilibakizwa lina ekari halisi 40 za gesi, na malipo yote huhesabiwa kwa hizo 40.

Majimbo mengine yana kanuni za haki zilizolala. Ohio ina sheria inayomruhusu mwenye ardhi ya juu, kwa utaratibu maalumu wa taarifa na usajili, kurudisha kwake madini ambayo hayajafanyiwa lolote kwa miaka 20. Louisiana ni miaka 10 ya kutotumika, na haki hurudi kwa mwenye ardhi. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa, au hujajipongeza, uliza sheria ya jimbo.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: "Namiliki ekari halisi kadhaa za mafuta na gesi chini ya kiwanja namba fulani, peke yangu au pamoja na watu hawa."

## Hatua ya 2: Pata tarehe tatu

Mkataba wa gesi una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza kina miaka maalumu, kwa kawaida mitatu hadi mitano. Kampuni inatakiwa kuanza kazi ndani yake. Kipindi cha pili hakina mwisho uliotajwa: kinaendelea muda wote gesi inapotoka kwa kiasi chenye faida. Kampuni inayokuandikia inaogopa kipindi cha kwanza kisije kikaisha mikononi mwake.

Andika tarehe hizi kwenye karatasi moja:

1. Siku mkataba ulipoanza kuhesabiwa. Angalia vizuri, kwa sababu siku uliyosaini, siku ya mthibitishaji wa saini (notary) na siku iliyotajwa kuwa ya kuanza zinaweza kuwa tatu tofauti.
2. Siku kipindi cha kwanza kinapoisha. Mkataba wa miaka mitano ulioanza 15 Juni 2021, je, unaisha tarehe 14 au 15 Juni 2026? Mawakili wanaweza kubishana. Wewe weka kwenye kalenda tarehe zote mbili.
3. Siku ya mwisho ya kampuni kutumia haki ya kujiongezea muda, kama haki hiyo imo.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowapiga watu chenga. Mikataba mingi ya Pennsylvania na Ohio iliandikwa kwa mtindo wa "tano na tano": miaka mitano ya kwanza, halafu kampuni ikilipa kiasi kilichotajwa kabla ya muda kwisha, inapata mitano mingine. Kama kifungu hicho kimo, barua uliyopokea haikuombi ruhusa, inakuarifu tu. Kukataa kwako hakubadilishi kitu.

Lakini usikimbilie kuinua mikono. Haki ya namna hiyo inatakiwa itekelezwe kama ilivyoandikwa. Je, fedha zilifika kabla ya siku ya mwisho? Kiasi ni kilekile? Zimelipwa kwa ekari zote? Zilitumwa kwa mtu na anwani iliyotajwa? Malipo yaliyochelewa siku mbili yanaweza kuwa yameua mkataba mzima.

Tahadhari: kuna kampuni zenye haki ya kujiongezea kwa bei ya zamani lakini zinakuja na "nyongeza mpya" yenye fedha zaidi kidogo. Jiulize wanachotaka kukiondoa au kukiingiza kwenye mkataba. Jibu limo kwenye ukurasa wa pili au wa tatu, si kwenye hundi.

## Hatua ya 3: Mkataba uko hai au umekufa?

Hapa tulia. Kampuni inaweza kuwa imeushikilia mkataba wako bila mtambo wowote kuonekana shambani kwako. Zipo njia tano za kawaida, na lazima uzipitie zote.

Kisima cha jirani. Mkataba unaporuhusu ardhi yako kuunganishwa na za wengine katika yuniti moja, kisima kinachozalisha popote ndani ya yuniti huhesabika kama kiko kwako. Visima vya siku hizi huteremka wima kisha hugeuka na kwenda kwa ulalo maili moja, mbili au zaidi, hivyo mtambo unaweza kuwa upande wa pili wa kilima na bado umeguswa. Tafuta tamko la yuniti kwenye ofisi ya kaunti kwa jina lako na kwa namba ya kiwanja.

Kisima kilichofungwa kikisubiri bomba. Kimechimbwa, kina gesi, lakini hakiuzi. Mikataba mingi inaruhusu kampuni ilipe kiasi kidogo kwa mwaka na kuhesabiwa kama inazalisha.

Kazi iliyoanza. Mkataba ukisema tu "kuanza shughuli", tingatinga lililosawazisha barabara wiki ya mwisho linaweza kutosha mbele ya mahakama. Ndiyo maana baadhi ya maeneo huwa na pilikapilika za ghafla tarehe zinapokaribia.

Malipo ya kungojea. Hizi ni fedha ndogo za kila mwaka ambazo kampuni hulipa badala ya kuchimba. Swali ni kama zinaweza kuusogeza mkataba bila kikomo. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya Pennsylvania, katika kesi ya Hite dhidi ya Falcon Partners, ilisema hapana: malipo hayo yanaondoa wajibu wa kuchimba ndani ya kipindi cha kwanza, hayarefushi kipindi chenyewe. Kampuni ile ilikuwa na mikataba ya mwaka mmoja na ikataka kuendelea kulipa dola mbili kwa ekari kwa mwaka.

Kisingizio cha jambo lisilozuilika. Kampuni inadai ilizuiwa na serikali, hali ya hewa au vita, hivyo saa ya mkataba ilisimama. New York ndiyo mfano mzuri. Tangu 2008 jimbo lilisimamisha vibali vya kupasua miamba kwa maji ya shinikizo, na kampuni zikawaambia wenye ardhi wa kaunti ya Tioga kwamba mikataba yao imejirefusha. Machi 2015, katika kesi ya Beardslee dhidi ya Inflection Energy, mahakama kuu ya rufani ya New York iliwapa ushindi wenye ardhi. Kifungu cha jambo lisilozuilika hakikuunganishwa na kifungu cha muda wa kwanza, kwa hiyo hakikuurefusha. Chukua mkataba wako uone kama vifungu hivyo viwili vinatajana. Maneno machache hapo yana uzito wa miaka.

Ukimaliza, mkataba wako utaangukia fungu moja kati ya manne:

- Unashikiliwa na uzalishaji au kazi. Kampuni haihitaji nyongeza, isipokuwa pengine kwa sehemu ya ardhi iliyobaki nje ya yuniti.
- Uko kipindi cha kwanza na kampuni ina haki ya kujiongezea. Nguvu yako ni ndogo, kazi yako ni kukagua utekelezaji.
- Uko kipindi cha kwanza na haki hiyo haimo. Hapa ndipo una nguvu. Wanakuhitaji.
- Umekwisha. Wanachokuletea si nyongeza hata kama karatasi inasema hivyo. Ni mkataba mpya wa bei ya zamani.

Tahadhari kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu: usiweke hundi benki kabla hujajua fungu lako. Kupokea fedha, au kusaini karatasi inayosema "unathibitisha" mkataba, kunaweza kutumiwa dhidi yako kwamba umeufufua mkataba uliokufa. Piga picha hundi mbele na nyuma, usome maandishi madogo yaliyo mgongoni, umpelekee wakili. Kama haitakiwi, irudishwe kwa barua ya rejista yenye maelezo mafupi.

## Hatua ya 4: Chunguza kampuni inataka kufanya nini

Kampuni inayokaribia kuchimba huacha nyayo, na nyingi ziko wazi kwa umma bila malipo. Pennsylvania, idara ya mazingira ya jimbo (DEP) huchapisha vibali na tarehe ambazo visima vimeanza kuchimbwa. Ohio, ni idara ya maliasili (ODNR), ambayo ina ramani ya visima. Texas nenda Railroad Commission of Texas. Jina lisikupoteze, kwani tume hiyo haishughulikii reli tena tangu 2005, ila mafuta na gesi ya jimbo zima iko chini yake.

Tafuta vibali vilivyo ndani ya maili mbili tatu kutoka kwako, kisha angalia kwenye ramani mishale inayoonyesha visima vya ulalo imeelekea wapi. Mshale unaokuja kwako, au unaopita chini ya ekari zako, ni habari njema kuliko maneno yote ya wakala wa kampuni anayekusanya saini. Pita pia barabarani: bomba jipya, uwanja wa changarawe uliosawazishwa, matangi ya maji.

Angalia na jina la kampuni. Aliyesaini nawe miaka mitano iliyopita huenda hayupo tena. Chesapeake na Southwestern ziliungana Oktoba 2024 na kuitwa Expand Energy. EQT ilinunua mali za Chevron za eneo la Appalachia mwaka 2020. Kila uhamisho wa mkataba unapaswa kuonekana kwenye kumbukumbu za kaunti. Asiyeonyesha kwamba mkataba ulihamia kwake hana cha kukuomba nyongeza.

Jambo la mwisho hapa ni sheria ya kuunganisha kwa lazima. Ohio, kampuni iliyopata asilimia 65 ya eneo la yuniti inaweza kuomba amri ya kuwaingiza waliobaki. West Virginia ilipitisha sheria yake mwaka 2022, na kiwango ni asilimia 75. Pennsylvania haina kitu hicho kwa Marcellus, mwamba wa gesi unaochimbwa huko. Mwenye ekari 10 zilizo katikati ya yuniti Ohio hana karata sawa na mwenzake wa Pennsylvania, na ni heri kulijua hilo kabla hujaanza kutunisha misuli.

Umefaulu ukiweza kujibu: kuna kibali karibu yangu? Kina tarehe gani? Nani wa jirani zangu ameshasaini?

## Hatua ya 5: Piga hesabu, kisha uamue

Wenye ardhi wengi huangalia malipo ya kusaini tu. Ni fedha za uhakika, sawa, lakini kisima kizuri hulipa kwa mrabaha, yaani asilimia yako ya mauzo ya gesi.

Chukua yuniti ya ekari 640, wewe una 40, mrabaha wako ni asilimia 18. Fungu lako la yuniti ni 40 gawanya kwa 640, yaani asilimia 6.25. Zidisha kwa asilimia 18, unapata asilimia 1.125 ya mauzo. Kila gesi ya dola milioni moja inayouzwa inakupa dola 11,250. Mrabaha ukiwa asilimia 12.5, fedha hizo zinashuka hadi dola 7,812. Sasa linganisha tofauti hiyo, kwa miaka mingi ya kisima, na dola mia mbili za ziada kwa ekari ambazo wakala anakuringishia leo.

Upande wa pili, bei haina adabu. Gesi ya soko la Henry Hub, ambalo ndilo kipimo cha bei Marekani, ilikuwa juu ya dola 12 kwa milioni moja ya BTU (kipimo cha joto) katikati ya 2008, ikawa chini ya dola 2 Aprili 2012, ikapanda juu ya dola 8 Agosti 2022, na Machi 2024 ilikuwa tena chini ya 2. Aliyekataa nyongeza bei ikiwa juu, akangoja mnunuzi mwingine, angeweza kujikuta ana ardhi huru isiyotafutwa na mtu.

Msimamo wangu ni huu. Kama kibali kipo na mshale unakuja kwako, toa nyongeza fupi, mwaka mmoja au miwili, kwa masharti bora. Kama hakuna dalili yoyote ya kuchimba, na kampuni nyingine zinafanya kazi kaunti hiyo, acha mkataba uishe. Miaka mitano mingine kwa kampuni isiyo na mpango ni kumwekea mtu kiti asichokikalia, na ukimwekea hakiwezi kukaliwa na mwingine. Kama hakuna kampuni nyingine kabisa, chukua fedha, lakini rekebisha mkataba.

## Hatua ya 6: Jadiliana, na urekebishe mkataba wa zamani

Wakati kampuni inahitaji saini yako ndio wakati pekee wa kurekebisha makosa ya mkataba wa kwanza. Kisima kikishaanza kutoa gesi, mlango umefungwa.

Majibu yako yawe kwa maandishi. Wakala akikuambia kwa simu kwamba "jirani zako wote wameshasaini" au "ofa inaisha Ijumaa", mshukuru, umwombe aandike kwenye barua pepe. Wengi hawaandiki.

Omba haya, kwa mpangilio wa umuhimu ninaouona mimi:

Kifungu cha Pugh. Kimepewa jina la wakili wa Louisiana, Lawrence Pugh, aliyekianzisha mwaka 1947. Kinasema sehemu ya ardhi yako iliyo nje ya yuniti inaachiwa huru kipindi cha kwanza kikiisha. Bila kifungu hiki, kisima kinachogusa ekari 5 kinaweza kushikilia ekari zako 100 zote kwa miaka thelathini. Omba na cha kina pia: miamba iliyo chini ya ule uliochimbwa irudi kwako. Magharibi mwa Pennsylvania, mwamba wa Utica uko maelfu ya futi chini ya Marcellus, na hakuna sababu mkataba wa mmoja uufunge mwingine bure.

Mrabaha, na makato. Pennsylvania sheria inaweka sakafu ya moja ya nane, asilimia 12.5. Hiyo ni sakafu tu. Lakini mwaka 2010 mahakama kuu ya jimbo, katika kesi ya Kilmer dhidi ya Elexco, ilikubali kampuni ikate gharama za kusafisha na kusafirisha gesi kabla ya kupiga hesabu ya mrabaha wako. Wapo waliopata hundi zilizokonda mno kwa sababu hiyo. Omba maandishi yanayosema mrabaha unahesabiwa kwa bei halisi ya mauzo, bila makato ya baada ya kisima. Mrabaha wa asilimia 16 usio na makato unaweza kuushinda wa 20 wenye makato.

Maana ya kuanza kuchimba. Iandikwe kwamba ni mtambo wenye uwezo wa kufika kina kinachokusudiwa, kekee inazunguka, ndani ya yuniti yako. Tingatinga lisihesabike.

Kikomo cha kisima kilichofungwa. Miaka miwili kwa jumla, na malipo ya maana kwa ekari.

Muda, na katazo la nyongeza nyingine. Ikiwa ni miezi 18, iwe 18, bila haki ya kujiongezea iliyofichwa ndani.

Ardhi ya juu. Kama hutaki barabara wala uwanja wa mtambo shambani, omba mkataba usioruhusu kutumia ardhi ya juu. Kampuni nyingi hulikubali hili upesi kwa mashamba madogo, kwa kuwa hawakupanga kuweka mtambo hapo. Ukiwa na kisima cha maji, maji yapimwe na maabara iliyoidhinishwa kabla ya kazi kuanza. Pennsylvania, kwa sheria ya 2012, kampuni hudhaniwa ndiyo iliyochafua chanzo cha maji kilicho ndani ya futi 2,500 ndani ya miezi 12 ya kazi, lakini ukikataa kipimo cha awali unajinyima kinga hiyo.

Dhamana ya umiliki. Futa sentensi inayosema unahakikisha umiliki wako na utarudisha fedha hitilafu ikionekana. Kuchunguza hati ni kazi yao, nao wana watu wa kazi hiyo.

Hutapata yote. Ukipata kifungu cha Pugh na mrabaha usio na makato, umefanya vizuri. Nyongeza ya fedha za kusaini pekee, mengine yakabaki vilevile, si ushindi.

## Hatua ya 7: Saini, fedha na kodi

Hakikisha majina yote ya wenye mali yamo, na wenzi wa ndoa pia. Ohio bado inatambua haki ya mwenzi katika ardhi ya mwenzake hata kama jina lake halimo kwenye hati. Saini mbele ya mthibitishaji. Kila badiliko mlilokubaliana liwe ndani ya karatasi hiyohiyo au kiambatisho kilichotajwa ndani yake.

Usimkabidhi wakala karatasi zilizosainiwa ukabaki na ahadi. Baadhi ya kampuni hutoa hati ya benki inayolipwa baada ya siku 30 au zaidi, "baada ya ukaguzi wa umiliki", na kampuni inaweza kuikataa siku ya mwisho. Wakati huo nyongeza imeshasajiliwa. Wakili ashike karatasi mpaka fedha ziingie, au iandikwe kwamba nyongeza haina nguvu mpaka malipo yakamilike.

Utajaza fomu W-9 ya kutaja namba yako ya mlipakodi, na mwanzoni mwa mwaka unaofuata utapokea 1099-MISC, taarifa ya fedha ulizolipwa. Malipo haya ni kipato cha mwaka uliyopokea. Yakiwa makubwa yanaweza kukupandisha ngazi ya kodi na kugusa ruzuku ya bima ya afya, kwa hiyo ongea na mhasibu kabla ya Desemba.

Wewe uliyeko nje na si raia wala mkazi wa Marekani kwa kodi: fomu yako ni W-8BEN, ya wasio wakazi, utahitaji namba ya mlipakodi, na kiwango cha kawaida cha kukatwa ni asilimia 30. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kukipunguza. Saini yako inaweza kuthibitishwa kwenye ubalozi wa Marekani, lakini weka miadi mapema. Ukimpa ndugu aliye kule uwezo wa kusaini kwa niaba yako, hati ya uwakilishi itaje mafuta na gesi waziwazi, na nayo isajiliwe kaunti.

Umefaulu ukiwa na: fedha benki, nakala iliyosainiwa na pande zote, na namba ya usajili ya kaunti.

## Hatua ya 8: Ukiamua kuacha uishe

Wiki za mwisho zitumie macho. Piga picha zenye tarehe za shamba na za uwanja wowote wa mtambo ulio karibu. Angalia tovuti ya vibali kila siku chache, na ukague kaunti kama kuna tamko la yuniti lililosajiliwa dakika za mwisho.

Kampuni nyingine ikikuletea mkataba wa kupandia juu ya ule wa zamani, utakaoanza wa kwanza ukifa, usisaini bila wakili. Mikataba mingi inakataza kufanya hivyo, au inaipa kampuni ya kwanza nafasi ya kutoa ofa ileile na kuchukua mkataba.

Siku ikipita, mkataba hauondoki wenyewe kwenye kumbukumbu, na mnunuzi mpya hatalipa vizuri akiona jina la mwingine. Tuma barua ya rejista ukitaka kampuni isajili hati ya kuachia. Pennsylvania ina sheria ya 2014 inayolazimisha hilo. Ohio ina utaratibu wa taarifa kisha kiapo kinachosajiliwa na mwenye ardhi, wenye siku zake za kuhesabu, na ukizikosea unaanza upya. Texas mkataba hufa wenyewe masharti yasipotimizwa, lakini karatasi safi bado inasaidia.

Kampuni ikijibu kwamba mkataba bado uko hai, usibishane kwa maneno. Waandikie wakutajie jina la kisima, namba yake ya utambulisho (API), tarehe kilipoanza kuzalisha, na kitabu na ukurasa ambamo tamko la yuniti limesajiliwa. Wape siku 30. Majibu hayo, au ukimya wao, mpelekee wakili kabla hujagusa hundi yoyote itakayofuata.